Swali la Mwanafunzi Si Utovu wa Adabu

Wako walimu wanaodhani kwamba kufundisha fizikia ni kuandika kanuni ubaoni, wanafunzi wazinakili na kuzikariri hadi siku ya mtihani. Hiyo ni kasumba, na haina budi kupigwa vita.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alitia maziwa ya moto katika friza ili kutengeneza aiskrimu. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne hakulipuuza, alihakikisha linapimwa maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo, na hadi leo wanasayansi duniani wanabishana juu yake.

Je, mwanafizikia hapa ni nani: aliyekariri kanuni ya kupoa, au aliyeona, akashangaa, akataka kujua kwa nini? Wanaosingizia uhaba wa vifaa wakumbuke kwamba Mpemba alianza na maziwa na sukari. Kilichokaribia kuliua swali lake si umaskini, bali dharau.

Mwalimu anayenyamazisha swali hulea wanakili wa mawazo ya wengine, na taifa linalotaka kujitegemea halijengwi na wanakili. Asiyejua jibu asione haya. Na aseme: "Twende tukapime."