Tumbo likiharibika baada ya upasuaji wa urembo, usikimbilie kisu cha pili

Huenda ukashangaa kwamba daktari wa Habaswein anaandika kuhusu upasuaji wa urembo. Utasema hayo ni mambo ya Nairobi. Lakini mtu akipasuliwa Nairobi, Dubai au Istanbul, hatimaye hurudi nyumbani. Ni huku kwetu ambako bandeji hufunguliwa, na ni huku ambako mwenyewe hugundua kwamba tumbo si lile aliloahidiwa.

Malalamiko hufanana. Mmoja alinyonywa mafuta na sasa tumbo lina mabonde na vilima. Mwingine alikatwa ngozi iliyolegea baada ya uzazi wa mara nyingi, na sasa ncha za kovu zimejitokeza kiunoni kama masikio. Wa tatu tumbo limejaa tena kana kwamba hakupasuliwa. Wote huuliza swali moja: "Daktari, niende wapi nikarekebishwe?"

Maoni yangu ni kwamba swali hilo linatangulia lingine lililo muhimu zaidi: ni kitu gani hasa kilichoharibika? Fundi hashoni nguo upya kabla ya kuona imechanika wapi. Tumbo lina ngozi, lina mafuta, lina misuli, na ndani yake mna utumbo. Kila tatizo lina tiba yake, na tiba nyingine hazihitaji kisu hata kidogo.

Kwanza, mpe mwili muda. Uvimbe wa upasuaji huchukua miezi kuisha, na kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Ndiyo sababu wapasuaji wengi hungoja miezi 6 hadi 12 kabla ya kufanya marekebisho. Lakini homa, usaha, ngozi inayogeuka nyeusi, tumbo kuwa gumu au maumivu yanayozidi kila siku, hayo hayangojei. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiona uvimbe laini unaochezacheza katika wiki za mwanzo, huenda ni maji yaliyokusanyika chini ya ngozi. Hayo hutolewa kwa sindano na mhudumu aliyefunzwa. Usiyaminye nyumbani wala usiyachome kwa moto.

Ikiwa umeongeza uzito, basi mafuta yaliyobaki ndiyo yaliyonenepa. Kunyonya mafuta si tiba ya unene. Tena yako mafuta yaliyo ndani, yanayozunguka utumbo, ambayo mrija wa mpasuaji hauyafikii. Hayo hupungua kwa chakula na mwendo. Anayekunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi mara tano kwa siku aanzie kwenye kikombe hicho kabla ya kuuza ngamia kwa ajili ya upasuaji mwingine. Mabonde yenyewe huweza kusawazishwa kwa kunyonya kidogo pembeni, au kwa kujaza mafuta yaliyotolewa mahali pengine mwilini. Kunyonya tena papo hapo penye bonde ni kulichimba zaidi.

Ikiwa tatizo ni misuli, lala chali kisha uinue kichwa. Ukiona mwinuko mrefu katikati ya tumbo, huenda misuli iliachana wakati wa mimba na haikushonwa katika upasuaji wa kwanza. Mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia huwasaidia wengi. Wengine huhitaji kushonwa. Kama unapokohoa kuna kitu kinachojitokeza, hiyo huenda ni ngiri, nayo ni ugonjwa wala si suala la urembo. Hurekebishwa kwa kushona, mara nyingi pamoja na kuweka wavu maalumu. Mtu asikubali kunyonywa mafuta kabla ngiri haijatafutwa kwa mikono ya daktari na, panapokuwa na shaka, kwa picha ya ultrasound, kwa sababu mrija unaweza kutoboa utumbo.

Ikiwa ni ngozi, yale masikio ya kiunoni mara nyingi hukatwa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu. Kovu lililovimba na kukua kupita mipaka yake, yaani keloidi, ambalo ngozi nyeusi hupata zaidi, ni jambo tofauti. Likikatwa bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko kwanza. Hutibiwa kwa sindano za steroidi na plasta za silikoni, na huhitaji subira.

Mwisho ni kupasuliwa tumbo lote upya. Hapa nataka usikie vizuri: upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Mishipa iliyokuwa ikipeleka damu kwenye ngozi ilikwisha kukatwa, na makovu yameshikamana. Mpasuaji asiyejua mwenzake alikata wapi anaweza kuiacha ngozi bila damu ikafa. Kwa hiyo dai ripoti ya upasuaji wako wa kwanza. Ni haki yako, hata kama mligombana na kliniki. Kama bado unatarajia kuzaa, ngoja umalize, maana mimba hulegeza tena kilichokazwa. Uvutaji wa sigara uachwe wiki kadhaa kabla, na mtaalamu wa dawa ya usingizi aambiwe ukweli kuhusu miraa, kwa kuwa huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Liko pia jambo la safari. Kutoka Nairobi hadi Habaswein ni zaidi ya kilomita 500. Upasuaji wa tumbo huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kukaa saa nyingi ndani ya basi huizidisha. Damu hiyo ikipanda mapafuni, huua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, usilale na jambo hilo hadi asubuhi. Mpasuaji anayekuruhusu upande basi siku chache baada ya kisu, bila kuuliza unaishi wapi wala nani atakutazama, hajakamilisha kazi yake.

Mnamo Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya upasuaji wa urembo, na Baraza la Madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki iliyohusika. Baraza hilo huweka orodha ya madaktari na vituo vyenye leseni, na yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuitazama. Tafuta jina la daktari, halafu uhakikishe kwamba ana ubingwa wa upasuaji wa urembo na marekebisho. Kuitwa daktari pekee hakutoshi. Hata mimi ni daktari, na kazi hiyo siyo yangu.

Nawageukia sasa waume, mama wakwe na majirani. Kinachonitia hofu zaidi ni aibu. Mwanamke aliyepasuliwa kwa siri huficha kidonda kwa siri, chini ya garbasaar, mpaka harufu imtoe nje. Anaogopa kuambiwa alijitakia. Hakuna usaha ulioponywa kwa kejeli. Kama hukupendezwa na uamuzi wake, mlete hospitali kwanza, maneno yatafuata akishapona.

Nawe dada, ukija, sema kila kitu: lini, wapi, na ulifanyiwa nini. Siri ya mgonjwa tunaitunza. Huenda ukaondoka na mazoezi, au na barua ya kwenda kwa bingwa. Vyovyote iwavyo, utaondoka ukijua tatizo ni lipi kabla hujamlipa mtu kulitengeneza.