Mtoto akizaliwa na kasoro, tusimkimbilie mama

Serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi Februari 2025, na Oktoba ikaweka kiasi ambacho kila kampuni inaruhusiwa kuuza. Tangu hapo redio zinazungumzia bei. Kobalti ya bohari huhesabiwa kwa tani. Ile iliyoingia katika miili ya watu huhesabiwa kwa mikrogramu, na habari zake hazisikiki sana.

Lakini imekwisha kuhesabiwa. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, watu walikuta madini chini ya nyumba zao wakaanza kuchimba viwanja vyao wenyewe, watoto wakicheza kati ya mashimo na vumbi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walipima wakaaji 72 wa Kasulo, 32 kati yao watoto, na watu 25 wa mtaa wa karibu usio na machimbo. Matokeo yalitoka 2018. Mkojo wa watoto wa Kasulo ulikuwa na kobalti karibu mara kumi ya ile ya watoto wenzao. Tena watoto hao walionyesha dalili zaidi za DNA kuharibika. Kipimo cha kwanza kinasema nini kimeingia mwilini. Cha pili kinasema mwili umefanywa nini.

Metali hizo hupimwa kwa mashine iitwayo spektrometa ya masi. Mkojo kidogo hunyunyizwa ndani ya gesi yenye joto la maelfu ya digrii, vyote vilivyomo huvunjika kuwa atomu zenye chaji ya umeme, kisha mashine huzitenga kwa uzito na kuzihesabu. Kobalti haiwezi kujificha ndani ya shaba, kwa kuwa uzito wao si mmoja. Mashine nyingine za ukoo huohuo, zenye upole zaidi, hupima mabaki ya chakula, dawa na sumu yanayotoka mwilini.

Utafiti mwingine unatugusa sisi wachungaji moja kwa moja. Mjini Lubumbashi, kati ya 2013 na 2015, watoto wachanga 138 wenye kasoro za kuonekana walilinganishwa na 108 wasio nazo. Akina mama wa huko walikuwa na viwango vya metali vilivyo kati ya vile vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa kwa wajawazito. Hata hivyo, kwa metali nyingi viwango vya mama havikutenganisha makundi hayo mawili. Kilichotenganisha ni kazi ya baba: akiwa kwenye kazi za madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa kama mara tano. Waliopimwa ni wachache, kwa hiyo hesabu hiyo ina nafasi kubwa ya kupanda au kushuka, wala haimhukumu baba wa mtoto fulani.

Na sisi tunafanya nini? Mama huitwa mbele ya wazee, huulizwa alikosa wapi na nani kamloga. Wakati mwingine hufungishwa siku tatu huku akinyonyesha. Baba huketi kando. Wanafunzi waliuliza swali la namna hiyo juu ya yule kipofu, na Yesu hakulikubali.

Ndugu wa Kivu wasiseme hayo ni ya Katanga. Katika machimbo ya dhahabu ya Kivu Kusini, zebaki hutumiwa kukamata chembe za dhahabu, kisha huchomwa, na mvuke wake huvutwa na anayechoma pamoja na watoto walio karibu. Hiyo nayo hupimika kwenye mkojo.

Mashine hizi ni ghali, na hatuoni zahanati zetu zikizipata upesi. Ila watafiti wakija kuomba mkojo wa waumini wetu, tuulize kabla ya chupa kujazwa: nani atarudisha majibu, lini, na kwa lugha gani? Na vitabu vya uzazi katika hospitali za kanisa viongezewe safu moja, ya kazi ya baba, ijazwe kwa kila mtoto, mzima na mwenye kasoro.