Leso ya shosho si ya kupiga deki

Wasee, juzi nilikuwa kwa shosho huko Runyenjes nikapata binamu yangu anapiga deki na leso. Imepauka kabisa, lakini maandishi bado yanasomeka: WEMA HAUOZI. Shosho akaiangalia, akacheka kidogo. "Hiyo ndiyo nilibebea mama yako mgongoni." Nikaichukua, nikaifua, nikaipiga picha.

Sasa nina neno na sisi vijana. Tunasema leso ni mambo ya mashosho na chama, halafu tunashinda kwa simu tukitafuta michoro kali ya fulana, yote ya watu wa mbali.

Sikia hii. Mwaka 1784, mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, kijana wa miaka ishirini na kitu anaitwa Santō Kyōden alitoa kitabu cha michoro ya vitambaa, kimechapwa kwa mbao za kuchongwa. Kilikuwa cha mzaha tupu. Ukiangalia kwa mbali unaona maua ya kitambaa kama kawaida. Ukisogea, kumbe ni kitu kingine kabisa! Na kando kuna maneno ya kuchekesha. Watu walipenda, akarudi na vingine 1786 na 1790.

Mchoro na maneno ya kuchoma. Si hiyo ni leso jameni? Pale Biashara Street, Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, wale wa "Mali ya Abdulla", limekuwepo tangu 1887. Na karne iliyopita viwanda vya Japani vilikuwa vinachapa leso zetu na kuzileta huku. Mjapani aliona kazi ndani ya leso. Sisi tunaona tambara.

Utaniambia leso ni ya kutumiwa. Kweli, sisemi tuifungie kabatini. Mtoto abebwe, unga ufungwe, chama kivae sare. Lakini vitabu vya Kyōden viliwekwa, ndiyo maana leo namjua nikiwa Embu. Leso ya shosho ikiisha, mchoro wake umeenda, na aliyeuchora hata jina hatuna.

Na mbona tusichore zetu? Weka kibunda cha miraa ya Maua kimefungwa na majani ya mgomba, kirudierudie mpaka kionekane ua. Pindo iwe vilele vya Mlima Kenya. Chini andika: TIKI ZA BULUU, JIBU SINA. Niambie nani hatainunua pale Gakoromone.

Kazi ya wiki hii ni moja tu: fungua sanduku la shosho wako, kwa ruhusa yake. Piga picha, andika maneno ya leso, na umuulize aliivaa lini na alikuwa anamwambia nani. Hilo swali la mwisho ndilo tamu.

Na wewe binamu, fulana zako kuukuu ziko wapi? Pigia deki hizo.