Risala ya Wanaouguza Wagonjwa, Ediofe

Kwa wakuu wa hospitali za West Nile na walimu wa uuguzi, Arua na Koboko.



Sisi ni watu wa Ediofe tunaolala chini ya vitanda vya wagonjwa wetu. Ndugu akilazwa, mmoja wetu hujitwika mkeka, sigiri na jerikeni, akahamia naye wodini. Ndiye anayemwosha, anayempikia uji, anayemshika mkono kwenda msalani. Daktari hupita asubuhi. Sisi tupo usiku kucha.

Mama wa mwenzetu mmoja alianguka katika hospitali ambayo hatutaitaja. Umeme ulikuwa umekatika, mwenzetu huyo, bintiye, yuko nje anapuliza mkaa. Bibi hakutaka kusumbua watu. Akashuka peke yake na mpira wa dripu mkononi, miguu ndani ya kandambili za mgonjwa wa jirani, kubwa kuliko nyayo zake, juu ya sakafu iliyolowa maji ya ndoo zetu wenyewe (hilo la ndoo tunalikiri). Nyonga ikavunjika. Kulipokucha binti akaulizwa mbele ya wodi nzima: "Wewe ulikuwa wapi?" Tangu siku ya kulazwa hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mama yake ni mtu wa kuanguka.

Tulipolalamika tuliambiwa wataalamu wameshatafiti, kinachokosekana ni vifaa: vitanda vya kushushwa, kengele za vitandani. Tukamwomba kijana wetu anayesomea uuguzi atusomee huo utafiti. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalikusanya majaribio 95 ya kuzuia kuanguka, ya hospitalini yakiwa 24 tu. Huko Australia, wodi 24 zilihusishwa katika jaribio la mambo 6 kwa pamoja, zikiwemo hizo kengele, vitanda vya chini na kibao cha tahadhari juu ya kitanda. Matokeo yalitoka mwaka 2016: kuanguka hakukupungua. Mapitio mengine, ya mwaka 2022, yalipekua tafiti 43. Yalipojumlisha hesabu, kilichopunguza kuanguka kilikuwa kuwafundisha wagonjwa na wahudumu. Kufundisha tu! Hakuhitaji hata jenereta.

Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo 684,000 kila mwaka vinavyotokana na kuanguka, zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ila wodi zinazopimwa mara nyingi ni zile ambazo mgonjwa hapikiwi na bintiye.

Kwa hiyo tunadai tufundishwe. Siku ya kulazwa, muuguzi akae nasi dakika tano, kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili, atuonyeshe namna ya kumwinua mgonjwa, kwa nini akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na dawa ipi inaleta kizunguzungu. Breki za vitanda zitengenezwe. Njia ya msalani iwekwe taa ya sola. Kila anayeanguka aandikwe daftarini, saa na mahali, bila kutafutwa wa kulaumiwa. Nanyi walimu wa Chuo Kikuu cha Muni, mkipitia tena maandishi ya wenzenu, njooni mtuhesabu na sisi tulio chini ya vitanda.

Jibu tutalisubiri Jumapili, nje ya kanisa kuu hapa Ediofe, watu wakitoka misa. Binti aliyeulizwa swali lile atakuwepo.