Aliyekufa Hadithini Asifufuliwe

Muhula huu, kila Jumamosi jioni, mwalimu wetu wa fasihi ametuonyesha ukumbini mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Dallas. Mchezo huo ulianza kwao mwaka 1978, ukakoma mwaka 1991, kabla sisi hatujazaliwa. Huenda wazee waliotutangulia katika shule hii wanaujua kuliko sisi. Lakini umezusha ubishi mkubwa mabwenini, nami naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu.

Ubishi wenyewe ni huu. Katika jamaa ya Ewing, matajiri wa mafuta huko Texas, wamo ndugu wawili: J.R., mjanja asiye na haya, na mdogo wake Bobby, mtu mwema. Mwigizaji wa Bobby, Patrick Duffy, alitaka kuondoka, basi watungaji wakamwua Bobby katika sehemu iliyoonyeshwa Mei 1985. Gari lilikuwa likimjia Pam, aliyekuwa mkewe zamani. Bobby akamsukuma kando, likamgonga yeye. Akafa hospitali mbele ya jamaa zake. Hata wenzetu wa safu ya nyuma, ambao hawajui kunyamaza, usiku ule walinyamaza.

Mwaka mzima ukapita bila Bobby. Watazamaji wakapungua, na Larry Hagman, mwigizaji wa J.R., akamsihi mwenzake arudi. Mei 1986 Pam, ambaye sasa ameolewa na mtu mwingine, anaamka, anafungua mlango wa bafu, na kumbe Bobby yumo anaoga! Septemba ikaelezwa kwamba sehemu zote 31 za mwaka ule zilikuwa ndoto ya Pam.

Ukumbi ulijaa vicheko na makofi. Rafiki yangu ninayepakana naye kitanda alisimama juu ya benchi akisema watazamaji wameshinda. Hoja yake si ya kipumbavu. Asema mchezo huishi kwa watazamaji kama duka linavyoishi kwa wanunuzi. Wakimtaka Bobby, wapewe Bobby.

Mimi sikucheka. Muhula uliopita tulimzika mwenzetu wa kidato hiki, aliyefariki likizoni. Kila alfajiri nasikia maji yakimwagika bafuni, nami najua kwamba si yeye. Sisemi hadithi iwe na huzuni kama maisha yetu. Nasema kwamba tulipomlilia Bobby ukumbini, wengine tulikuwa tukimlilia na mwenzetu, nasi hatukuona haya, maana giza lilitusitiri. Kisha tukaambiwa kwamba machozi yale yalikuwa ya bure.

Tena tazameni kilichopotea. Bobby alikufa ili Pam apone. Kifo kikifutwa, tendo lile jema nalo linafutwa. Kilio cha mama yake kimefutwa. Ndoa mpya ya Pam imefutwa. Na ajabu zaidi, katika Knots Landing, mchezo uliozaliwa na Dallas, ndugu yao Gary alikwisha kupata habari za msiba, na watungaji wa huko hawakuifuta. Basi Bobby akawa hai katika mchezo mmoja na maiti katika wa pili!

Rafiki yangu alinijibu kwa kumtaja Sherlock Holmes. Kweli, Arthur Conan Doyle alimwua mwaka 1893 katika maporomoko ya maji huko Uswisi. Wasomaji wakakasirika, wengi wakaacha kununua gazeti lililochapa hadithi zake, na mwaka 1903 Holmes akarudi akiwa hai. Lakini kumbukeni, hakuna aliyeiona maiti yake. Dakta Watson alikuta barua na nyayo tu. Mlango ulikuwa haujafungwa, na mtungaji aliupitia bila kuvunja ukuta. Bobby tulimwona akikata roho.

Je, watazamaji wanyamaze basi? Hata kidogo. Wanayo haki ya kuuliza, “Kwa nini mtu huyu ametenda hivi?” Mwaka 2019, Game of Thrones ilipokwisha, watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi kwamba sehemu za mwaka wa mwisho zitungwe upya. Walichukizwa hasa na Daenerys, mkombozi wa watumwa, kuuteketeza mji uliokwisha kupiga kengele za kusalimu amri. Kuuliza kwao kulikuwa na haki. Mtu mwema aweza kuharibika, lakini sharti tuonyeshwe njia aliyopita, na watungaji walikuwa na haraka: miaka sita ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa saba ukawa na 7, wa mwisho 6. Hapo mtazamaji asema kweli. Lakini kudai kwamba yaliyoonekana yahesabiwe hayakuonekana, hilo silikubali, na wenye mchezo hawakulikubali pia.

Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Watungaji wa Dallas waliogopa kilio cha watazamaji wakawapa walichotaka, na mchezo uliokuwa wa kwanza Marekani haukukipata tena cheo kile. Wala si ajabu. Baada ya bafu lile, nani angemwogopea mtu yeyote akipigwa risasi? Sisi wenyewe, Jumamosi iliyofuata, mtu alipoumizwa tulipiga kelele ukumbi mzima, “Anaota!”

Basi wenzangu, tulaumu na tuulize, lakini aliyekufa hadithini tumwache apumzike. Rafiki yangu ameahidi kunijibu katika toleo lijalo. Wazee mliouona mchezo huu zamani, tuandikieni mtuambie: mlipomwona Bobby bafuni, mlifurahi kweli?

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita