ROHO HAINA BEI, LAKINI SHILINGI INA HESABU



Kila yanapotajwa maradhi ya Korona, hawakosi watu wa kusema: "Roho ya binaadamu haina bei, anayeleta mambo ya hesabu hana huruma." Maneno haya ni matamu masikioni, lakini yamewaponza maskini wengi, nasi hatuna budi kuyajibu.

Ni kweli roho haina bei. Lakini shilingi ya Serikali ina hesabu, na katika nchi maskini hesabu hiyo ni fupi. Shilingi iliyonunua mashine haipo tena kununua dawa ya malaria, na muuguzi aliyeondolewa kwenye chanjo ya surua hayupo tena kumchanja mtoto. Nyuma ya kila shilingi pana roho. Asiyepiga hesabu hakuziokoa roho zote. Amechagua zipi zipotee, naye amefumba macho. Elimu ya uchumi wa afya haifundishi kuuza watu. Yauliza swali moja tu, ambalo hata mwenye duka la uchochoroni hulijua: kwa hiki kidogo nilicho nacho, wapi nitapata kheri iliyo nyingi zaidi?

Tazameni yaliyopita. Usiku wa tarehe 24 Machi 2020 Serikali ya India ilitangaza kufunga nchi nzima, ikawapa raia muda usiozidi saa 4. Vibarua wa mijini, ambao chakula cha leo hutoka katika kazi ya leo, walibaki bila ya ujira wala usafiri. Wakashika njia kwa miguu, watoto mabegani, kurudi makwao masafa ya mamia ya maili. Amri ile ilimfaa mwenye mshahara, akiba ya chakula na bomba la maji ndani. Hawa wengine hapana aliyewatia katika daftari.

Nchini Uganda zaidi ya nusu ya watu hawajatimiza miaka 18, na maradhi haya aghlabu yaliua wazee. Hata hivyo skuli zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Deni hilo wanalilipa watoto, si waliotia saini amri.

Malawi mambo yalikwenda vingine. Aprili 2020 Serikali ilipotaka kufunga nchi kwa siku 21, wachuuzi waliandamana, na watetezi wa haki wakaenda Mahkama Kuu kulalamika kwamba maskini hawakuwekewa chochote cha kujikimu. Mahkama ikaisimamisha amri. Je, si aibu kwamba swali la hesabu lilisubiri kuulizwa mbele ya jaji, wakati mawaziri wapo?

Lakini asitusingizie mtu kwamba twataka wagonjwa waachwe wafe. Hesabu huokoa. Juni 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei rahisi, hupunguza vifo kwa thuluthi moja kwa wagonjwa wanaopumulia mashine, na kwa sehemu moja katika tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa nchi maskini, dawa hiyo pamoja na oksijeni ya kutosha katika kila hospitali ni bora kuliko mashine chache za fakhari zisizo na mtaalamu wa kuziendesha.

Na kwetu je? Mei 2020 Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa na vifo, na mwaka mzima ukapita raia wako gizani. Wako waliojisifu kwamba sisi hatukufungiwa ndani. Vyema, lakini mfanyabiashara asiyeandika daftari hawezi kudai kwamba amepata faida. India ilifunga bila ya kupima, na kwetu palinyamaziwa bila ya kupima. Makosa ni mawili, mama yao mmoja.

Dawa yake yajulikana. Thailand tangu 2007 ina chombo kiitwacho HITAP, kazi yake kupima gharama na manufaa ya dawa na chanjo ili Serikali ijue pa kutia fedha. Nasi twataka chombo kama hicho, wala kisiwe cha siri: hesabu zake zitangazwe, na mezani pake wakae daktari, mwanauchumi, mvuvi na muuza mboga.

Maradhi mengine yatakuja, na mizani haitafutwi wakati wateja wamekwisha jaa dukani. Basi, ndugu zangu, kila atakayekuja kwenu kuomba kura, muulizeni kabla hajaketi: daftari liko wapi?