Kabla hujanunua betri kubwa, fundisha redio kulala

Wewe unayeunda vifaa vya intaneti hapo kejani, hebu nikuulize: kifaa chako kikiwa hakina la kusema, redio yake huwa inafanya nini? Kama jibu ni "inangoja tu", basi tuongee, maana hapo ndipo mimi nilianguka.

Sina digrii. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokosekana, na elektroniki nimejifunzia mezani kwa vipuri vya Luthuli Avenue. Mwaka jana nilifunga kihisi kwenye tangi la maji juu ya ploti yetu. Kazi yake ilikuwa rahisi: maji yakiingia, taa inawaka huko chini kwa jirani yangu, mama anayefulia watu nguo. Akaacha kupanda orofa tano kuchungulia. Siku ya nne kifaa kikanyamaza. Mama akaona taa haiwaki, akajua hakuna maji, akarudisha nguo za wateja wawili. Na tangi lilikuwa limejaa, bana! Kilichoisha ni betri.

Nikafanya kile wengi wetu hufanya, nikaweka betri kubwa zaidi. Nazo zikaisha.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya maelezo ya chipu yenyewe. Iko bure mtandaoni na sikuwa nimewahi kuifungua. Chipu yangu ilikuwa nRF24L01+ ya Nordic Semiconductor, kampuni ya Norway. Ikituma kwa nguvu zake zote hula miliampea 11.3. Ikipokea kwa kasi yake ya juu, 13.5. Soma tena hapo. Kusikiliza kunakula stima kuliko kusema! Na mimi nilikuwa nimeiacha ikisikiliza mchana na usiku, ati ikingoja jibu. Chukua betri mbili za kawaida zenye takriban miliampea-saa 2,000, gawanya kwa 13.5, unapata saa 148. Siku sita. Hapo bado hujahesabu prosesa, wala ile taa ndogo nyekundu ya bodi ambayo sote huipenda kwa sababu inaonyesha "kitu kinafanya kazi". Chipu hiyo hiyo ukiizima vizuri hula maikroampea 0.9 pekee. Tofauti ni mara 15,000.

Kwa hivyo akili yote ya kubuni redio isiyokula umeme iko kwenye usingizi. Iamke haraka, iseme neno fupi, isikilize kidogo, ilale. Hata ule muda kristali inaochukua kutulia baada ya kuamka, betri inaulipia.

Umbali nao una bei yake. Ukitaka habari itoke shambani hadi nyumbani, kilomita kadhaa, pengine utatumia LoRa, teknolojia iliyoundwa na Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, kampuni ambayo Semtech iliinunua mwaka wa 2012. LoRa hufika mbali kwa kuongea polepole. Ukipanda kutoka daraja la 7 hadi la 12, kila daraja karibu linaongeza maradufu muda wa redio kuwa hewani. Watu huweka 12 "ili ujumbe usipotee", halafu wanalaumu aliyewauzia betri.

Kinachoniudhi ni hiki: mafunzo ya dijitali tunayopewa vijana huanzia kwa tovuti na kuishia kwa app. Sijaona darasa la mtaani ambapo kijana anapewa mita apime kifaa chake kinakula nini kikiwa kimelala. Na kule Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha chipu cha Semiconductor Technologies. Tutabisha mlango huo tukiwa na nini mkononi, cheti cha kutengeneza tovuti? Enyi mnaopanga mafunzo hayo, wekeni mita kando ya kila laptopu. Na wewe usingoje wapange. Fungua ile karatasi leo usiku, anza na ukurasa wa matumizi ya umeme.

Kihisi changu nilikitoa ile taa nyekundu, sasa kinaamka kila dakika kumi. Kile cha mama kimechomekwa kwa soketi, hicho kisikilize kitakavyo. Betri za juu ni zile zile, mwezi wa tano huu. Lakini kila Ijumaa bado namsikia akipanda ngazi kwenda kuchungulia tangi mwenyewe, na simlaumu.